Kikao cha mama, na vitabu vya vakansi



Wengi mliniuliza sababu gani nilipotea hapa tangu mwanzo wa Julai. Jibu ni fupi: nilikuwa Kashuga kwa mama. Nilienda kwa kikao cha familia cha siku mbili, nikabaki wiki tatu. Na katika wiki hizo tatu nilisoma vitabu kuliko nilivyosoma miaka mitano iliyopita yote ikiwekwa pamoja. Sikuvisoma peke yangu. Wawili watatu kati yenu walisikia habari hiyo wakaniomba nieleze ilivyokwenda, juu nao wako na wazazi waliozeeka huko kwetu. Basi naeleza.

Kwa wasioijua Kashuga: ukitoka Goma unapita Sake, unapanda Kitshanga, unafika Mweso, halafu unashika barabara ya Kalembe na Pinga. Kashuga iko katika njia hiyo, upande ambapo Masisi inakaribia kuwa Walikale. Kwenye ramani ni karibu. Kwenye barabara ni jambo lingine. Ni mahali palipopokea wakimbizi wa ndani miaka mingi, na watu wake wenyewe nao wamekimbia mara nyingi. Mwanzo wa 2024, mapigano yalipofika Mweso, mama aliondoka na godoro, sufuria mbili na kitabu chake cha nyimbo. Sanduku la vitabu vya marehemu baba, aliyekuwa mwalimu, lilibaki. Aliporudi alikuta sanduku lipo, vitabu hapana. Karatasi ni mali vijijini: inafunga karanga, inafunga tumbaku, inawasha moto. Mdogo wangu anaapa kwamba siku moja alinunua karanga zilizofungwa ndani ya ukurasa wa kitabu cha hesabu, na pembeni kulikuwa mwandiko wa baba kwa wino mwekundu.

Sasa kikao. Tuko watoto wanne. Yaya wetu mkubwa anaishi Kampala, alihudhuria kwa simu, mtandao ukikatika kila anapofika kwenye neno la maana. Dada yangu na mimi tuko Goma. Mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyebaki Kashuga, yeye na mke wake na watoto, na ndiye anayekaa na mama. Kilichotukutanisha ni kwamba mama alianguka usiku akitoka nje, akaumia nyonga. Haikuvunjika, lakini tuliogopa. Tena kulikuwa maneno mengine madogo madogo: anasahau chumvi, anatia mara mbili, anasalimia mtu kwa jina la mtu mwingine.

Yaya alitaka mama ahamie Goma. Dada alisema nyumba yake ya kupanga ina vyumba viwili na watu saba. Mimi, kwa aibu yangu, nikatoa sheria. Mnajua nilisoma sheria kabla ya kuishia kufundisha uraia sekondari. Nikasema Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inasema watoto wana haki na wajibu wa kuwasaidia wazazi wao, na Kanuni ya Familia ya 1987 nayo inazungumzia jukumu la kumtunza mzazi mwenye mahitaji. Mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akageuka akaniuliza: “Ile sheria yako inapikaka?”

Watu walicheka. Mdogo wetu hakucheka. Akasema kitu ambacho sitakisahau: “Ninyi munatumaka makuta. Mimi natumaka mwili.” Na mke wake aliyekuwa mlangoni na mtoto mgongoni akaondoka kwenda jikoni. Hapo ndipo nilipoelewa kikao kile kilikuwa juu ya nani. Shida haikuwa mama anakaa wapi. Kulikuwa mwanamke mmoja ambaye hakuwa amepumzika siku hata moja kwa miaka mitatu, na sisi tulikuwa tukimtumia asante kwa simu.

Jumapili baada ya misa tukamuuliza mama mwenyewe, jambo ambalo tungelifanya tangu Jumamosi. Akasema haendi Goma. Shamba lake liko hapa, kaburi la baba liko hapa, na Goma hata maji ananunua. Tukakubaliana mzunguko: kila mmoja wetu atakuja wiki mbili au tatu, na katika muda huo mke wa mdogo wetu atapumzika au ataenda kwao. Mimi kwa kuwa ni mwalimu na vakansi kubwa ilikuwa imeanza, nikapewa zamu ya kwanza. Sikuwa nimejiandaa. Ndani ya mfuko nilikuwa na nguo za siku mbili na vitabu vitatu, ambavyo kusema kweli ninavibebaka tu kila safari bila kuvifungua.

Hapa niseme kidogo juu yetu wahitimu. Sisi tulifundishwa kusoma silabi. Unanunua silabi ya profesa, unaimeza, unaitapika siku ya mtihani, unauza au unamwachia anayefuata. Ukimaliza memware unaona umemaliza na karatasi maisha yote. Niliwahi kuuliza darasani kwetu, zamani, nani amesoma kitabu ambacho hakuna mtu aliyemtuma kukisoma. Mikono miwili ilipanda, na mmoja alikuwa anajikuna kichwa. Kwa hiyo msidhani nilienda Kashuga kama msomaji. Nilianza kusoma kwa sababu saa kumi ya mchana kule, ukishapika, ukishafua, ukishateka maji, hakuna kitu, na umeme wa simu unabakiza kwa ajili ya usiku.

Nilianza peke yangu, nje, kwenye kiti cha baba. Mama alikuwa chini kwenye mkeka anapukuchua maharagi, juu Julai ndiyo mavuno yake. Akaniuliza ninasoma nini. Nikasema hadithi. Akasema: “Basi soma kwa sauti, masikio yangu hayafanyi kazi yoyote.”

Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, Mfalme Lear wa Shakespeare. Mama hasikii Kifaransa. Nikawa ninasoma ukurasa kimoyomoyo halafu ninamsimulia kwa Kiswahili chetu. Kwa ambao hawajakisoma: mfalme mzee ana mabinti watatu, anataka kuwagawia nchi yake akiwa hai, na anawauliza nani anampenda zaidi. Wawili wanasema maneno matamu wanapewa. Wa mwisho, Cordelia, anasema anampenda kama inavyompasa binti, basi; anafukuzwa bila kitu. Halafu mzee anakwenda kukaa kwa zamu, mwezi kwa binti huyu, mwezi kwa yule, na watu wake mia moja. Mabinti wanaanza kupunguza: ubaki na hamsini, ubaki na ishirini na tano, unahitaji hata mmoja wa nini? Mwisho mzee yuko nje katika mvua na radi.

Nilipofika kwenye zamu za mwezi kwa mwezi nilitamani ardhi ipasuke. Mama akaacha maharagi. Akasema: “Ni muzunguko, sawa vile mulipanga ninyi.” Kisha akacheka mpaka akakohoa. Hukumu yake juu ya mfalme ilikuwa fupi: mtu hagawi shamba angali anakula. Na juu ya Cordelia alinishangaza. Mimi shuleni nilifundishwa kwamba Cordelia ndiye mwema. Mama alisema hapana, yule mtoto alikuwa na kiburi. Mzee akikuuliza neno tamu mbele ya watu, unampa, inakupunguzia nini? Tulibishana juu ya hilo siku mbili. Sikumbuki mara ya mwisho nilibishana na mama juu ya kitu kisichokuwa pesa au dawa.

Sasa mambo ya kazi yenyewe, kwa wanaotaka kujaribu.

La kwanza ni macho. Siku ya tatu nilimtuma mama kwa muuza mafuta ya mawese akarudi bila chenji. Alikuwa ametoa noti ya elfu tano akidhani ni ya elfu moja, na muuzaji, Mungu ambariki, alimtuma mtoto kurudisha. Nikauliza jirani, akasema mbona ni desturi, kina mama wengi wazee wanapoteza makuta hivyo sokoni na wanaona haya kusema. Na kile kitabu cha nyimbo alichokimbia nacho? Alikuwa anakifungua kanisani kila Jumapili, lakini alikuwa anaimba kwa kichwa. Haoni herufi hata moja tangu sijui lini. Sisi wote wanne tuliokaa kikao siku mbili juu yake hakuna aliyejua.

Yafaa kutofautisha mambo mawili. Kuanzia miaka kama 40, lenzi iliyo ndani ya jicho inakuwa ngumu na haiwezi tena kujikunja kutazama karibu. Ndiyo maana watu wa umri huo wanasogeza karatasi mbali mpaka mkono unakwisha. Huo si ugonjwa, na lunete za kusomea za kuanzia plasi moja hadi plasi tatu, zile zinazouzwa hata kando ya barabara Goma, zinasaidia. Lakini kama mzee anasema anaona ukungu, karibu na mbali vilevile, na jua linamuumiza, na lunete hazibadilishi kitu, huenda ni mtoto wa jicho: lenzi yenyewe imechafuka kama kioo cha lampu yenye moshi. Duniani hicho ndicho chanzo cha kwanza cha upofu, na dawa yake ni operesheni, wanatoa lenzi ile wanaweka ya plastiki. Majani na matone ya sokoni hayaondoi. Tena kuna presha ya jicho, ambayo inakula pembeni polepole bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Kwa hiyo mtu anayejigonga kwenye mlango apelekwe apimwe mapema. Mama tulimjaribu na lunete za plasi mbili na nusu za mwalimu jirani. Herufi kubwa aliziona, ndogo hapana. Jicho la kushoto ni ukungu. Dada anashughulika na mpango wa kumpeleka kwa muganga wa macho, hiyo imeingia kwenye bajeti ya familia, na ni kitabu kilichotuonyesha.

La pili, masikio. Tulizoea kumpigia mama kelele. Umri unaondoa kwanza sauti nyembamba za juu, kwa hiyo ukipiga kelele kwa sauti nyembamba unamchosha bure. Kaa mbele yake aone mdomo wako, shusha sauti iwe nzito, punguza mwendo. Wajukuu walikuwa wanasema bibi ni kiziwi, kumbe walikuwa wanaongea wakimpa mgongo.

La tatu ni Kiswahili chenyewe. Vitabu vingi vya Kiswahili vimeandikwa kwa lugha ya Pwani na Tanzania, na mama zetu wanasema Kiswahili cha Kongo. Ukisoma “fedha” anaelewa, juu feza ni yake. Ukisoma “gari” inapita, ingawa yeye anasema motokari. Lakini “jahazi” ilitukwamisha. Nikasema ni mtumbwi mkubwa wenye kitambaa cha kushika upepo, akasema basi sema hivyo. Mwanzoni nilikuwa ninabadilisha kila sentensi iwe ya kwetu, nikachoka. Baadaye nikaacha sentensi kama zilivyo na kueleza neno moja moja. Akaanza kuyapenda maneno yale. Mpaka leo anamwambia jogoo wake “bwana mkubwa” kwa sauti ya kitabu.

Kitabu hicho chenye jahazi ni Peponi, cha Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepata tuzo ya Nobeli 2021. Alikiandika kwa Kiingereza. Ida Hadjivayanis alikitafsiri kwa Kiswahili, kikatoka 2022. Ni habari ya Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayetolewa na baba yake kwa tajiri kufidia deni, na baadaye anaingia katika msafara unaokwenda bara. Mama alitaka kila siku kujua kitu kimoja tu: je, mama ya yule mtoto alijua? Nilimweleza kitabu hakikai sana upande wa mama. Alisema basi mwandishi ameacha nusu. Sikubaliani naye, nadhani kimya hicho ndicho kinachouma, lakini nilikuwa nimejifunza kutomkosoa kama mwanafunzi. Hilo ni muhimu: usimuulize mzee maswali ya mtihani. “Unakumbuka tuliishia wapi?” ni swali la mwalimu, na mtu anayeanza kusahau linamvunja. Anza wewe: jana tuliacha Yusuf yuko bustanini. Ukimpa uzi, atauvuta. Kama siku hiyo hauvuti, mnasoma tu, ukurasa unafurahisha hata kama wa jana umepotea.

Nusu saa inatosha. Mikono iwe na kazi, maharagi, mahindi, uzi. Simama pale hadithi imekuwa tamu ili kesho aulize yeye.

Kitabu cha tatu kilikuwa Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya kile cha Mariama Bâ wa Senegali, ambacho kwa Kifaransa kilitoka 1979 na wengi wetu tulikisikia sekondari. Ramatoulaye amefiwa na mume, yuko katika siku za eda, anamwandikia rafiki yake. Mume alikuwa ameoa mke wa pili, rafiki wa binti yao mwenyewe. Nilijua hiyo itamgusa mama kama mjane, nikasita. Nikaendelea. Tulipofika pale ambapo shemeji, ndugu wa marehemu, anakuja siku ya arobaini kusema atamrithi, na Ramatoulaye anamkatalia mbele ya watu, mama akasema: “Soma tena pale.”

Nikasoma tena. Akanyamaza. Maharagi yakabaki mikononi. Kisha akasema kwamba baada ya kilio cha baba, alikuja mtu. Hakunitajia nani, nami sikuuliza. Alisema alikaa hapo hapo nilipokaa, akaongea juu ya shamba na nyumba na watoto, na yeye mama alimpa chai, akamwambia hapana, na tangu siku hiyo upande ule wa ukoo hawakumletea hata kikapu cha viazi. Mimi wakati ule nilikuwa Goma ninaandika memware. Miaka yote hiyo nilidhani ndugu za baba walitupa mgongo kwa ubaya wao tu. Na ndiyo sababu, sasa ninajua, hakutaka kutoka Kashuga tulipomwambia ahame: akiondoka kwenye lile shamba, lile hapana lake litakuwa la bure.

Hayo hakuyasema kwenye kikao. Wala asingeyasema. Nimempigia yaya Kampala nikamweleza, kwa ruhusa ya mama, na habari ya Goma haijarudi tena katika maongezi.

Mtauliza vitabu vinapatikana wapi. Vyangu viwili vililetwa na rafiki kutoka Dar es Salaam, na ndiyo njia ya kweli: mtu akisafiri Kampala, Bujumbura au Dar, mpe pesa ya kitabu kimoja badala ya kumwagiza nguo. Kwa watoto, mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini unatoa hadithi fupi za bure kwenye intaneti, na Kiswahili kimo. Zinapakuliwa Goma, zinasomwa Kashuga bila mtandao. Na wasomi wa Biblia wanajua tayari kwamba kitabu cha Ruthu kinasomwa jioni moja. Mama alikitaka mara mbili, sababu ya mkwe, na safari ya pili alimwita mke wa mdogo wangu aliyekuwa amerudi kutoka kwao, akamkalisha kwenye mkeka, akaniambia nianze mwanzo.

Nilipoondoka niliacha Barua Ndefu, tulikuwa hatujaimaliza. Kijana wa mdogo wangu, aliye darasa la sita, amepewa kazi hiyo. Anasoma polepole, kidole kwenye mstari. Juzi usiku simu ikalia, nikashtuka kama tunavyoshtukaka sote simu ya nyumbani ikilia usiku. Alikuwa yeye. Akasema bibi amekataa waendelee mpaka wajue “staha” ni nini, na je, ni kitu cha kuvaa?